Fundi Anajibu: Prosesa ya mwanga na umeme unaoliwa mlangoni

*Barua za mwezi huu zimeangukia jambo moja, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Nyingine za simu zilizoingia maji zitasubiri toleo lijalo. Wenye simu, endeleeni kuzianika.*

Shikamoo Fundi. Nasoma uhandisi wa kompyuta mwaka wa pili, Mbeya. Mwenzetu mmoja anasema kuna kampuni changa ya Marekani imetengeneza prosesa ya akili mnemba inayotumia mwanga badala ya umeme. Wengine tunasema ni porojo za kutafutia wawekezaji. Mwanga unapigaje hesabu? Nani mkweli kati yetu?

Marahaba mwanangu. Mwenzenu hajawadanganya, ila hayo maneno "badala ya umeme" ayarudishe mezani tuyaangalie vizuri.

Kampuni anayoisema bila shaka ni Lightmatter. Waliianzisha mwaka 2017 vijana watatu waliotoka chuo kikuu cha MIT, kule Massachusetts: Nicholas Harris, Darius Bunandar na Thomas Graham. Mwaka huo huo Harris na mwenzake Yichen Shen, pamoja na wengine wa MIT, walichapisha kwenye jarida la Nature Photonics jaribio ambalo ukilitazama leo ni dogo mno. Walikuwa na chipu yenye vifaa 56 vya kuchanganya mwanga, wakaifundisha kutambua irabu zinazotamkwa na watu. Ilipatia kama asilimia 77. Kompyuta ya kawaida ilipewa kazi ile ile ikapatia kama asilimia 92. Kwa alama, mwanga ulifeli. Kilichowashtua watu ni kwamba hesabu ilifanyika wakati mwanga unapita tu. Shen naye akaondoka na kampuni yake, Lightelligence, kwa hiyo jaribio moja likazaa washindani wawili.

Sasa hesabu yenyewe. Ukifungua modeli yoyote ya akili mnemba utakuta ndani kazi moja inayorudiwa mabilioni ya mara: zidisha namba mbili, jumlisha na zilizotangulia, endelea. Ni matriksi zile zile mlizozilalamikia kidato cha nne. GPU, chipu inayotumika sana kwa akili mnemba, huifanya kazi hiyo kwa transista, vidude vidogo mno vya kuruhusu au kuzuia umeme, zinazowaka na kuzima, na kila kuwaka na kuzima kuna umeme unaoliwa na joto linalobaki.

Kwenye chipu ya mwanga kuna vijia vya silikoni, vyembamba kuliko unywele zaidi ya mara mia, vinavyoongoza mwanga wa leza. Mahali fulani kijia kinagawanyika mara mbili, kisha kinaungana tena. Ukiuchelewesha kidogo mwanga wa upande mmoja, mawimbi yatakapokutana hayatalingana: kilele cha hili kitakuta bonde la lile, yatapunguzana. Yakiachwa yaende sawa, yataongezana. Kwa hiyo ukichagua kiasi cha kuchelewesha, umechagua mwanga utoke robo, nusu au wote. Mwanga ulioingia ni namba ya kwanza. Kiasi ulichoruhusu kipite ni namba ya pili. Unaotoka ndio jibu la kuzidisha. Miale kadhaa ikiangukia kigunduzi kimoja, mkondo wa umeme unaotoka pale ni jumla yao. Umezidisha, umejumlisha, na njiani hakuna transista iliyowaka.

Hapo ndipo darasa lenu linapogawanyika, nadhani, na mimi nitasimama katikati. Kazi yangu kabla ya safu hii ilikuwa kuunga mkongo, yaani kebo za nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, na bado naifanya nikiitwa. Mwanga wa kwenye chipu hizi ni wa aina ile ile tunayoipima kila siku kwenye nyuzi za kioo, wa nanomita 1310 au 1550, usioonekana kwa macho. (Kijana mgeni akiinua ncha ya faiba achungulie kama kuna mwanga, huwa nampiga mkono kabla hajaumia jicho.) Kinachotusumbua sisi mafundi hakijawahi kuwa ule mwanga ukiwa safarini. Ukiwa ndani ya kioo unatembea kilomita nzima, kwa nanomita 1550, na kupoteza kama desibeli 0.2 tu (desibeli ndicho kipimo chetu cha nguvu ya mwanga inayopotea). Tunazipoteza desibeli kwenye viungio. Kiini cha uzi kina maikromita 9 hivi. Chembe ya vumbi usiyoiona ikikaa pale, mteja anapiga simu. Unafuta kwa pombe safi, unakagua kwa hadubini ya mkononi, unafuta tena.

Kwenye chipu tatizo hilo limekuwa kubwa zaidi kwa sababu kijia hakifiki hata maikromita moja, na uzi wa maikromita 9 lazima ukutanishwe nacho. Halafu kuna mlango mwingine wa gharama. Data inakuja kutoka kwenye kumbukumbu ikiwa umeme na dijitali. Inabidi igeuzwe kuwa kiwango cha mwanga, ipite, kisha jibu ligeuzwe tena kuwa umeme na dijitali. Waliowahi kuvuka Kigamboni kwa pantoni wanajua: maji yanavukwa kwa dakika chache, muda wote umekwisha kwenye kupakia na kushusha. Vigeuzi hivyo vinakula umeme, na ukitaka jibu lenye usahihi zaidi vinakula zaidi. Tena mwanga hauna mahali pa kutunza namba, wala haujui kufanya uamuzi wa "kama ni chini ya sifuri, weka sifuri" ambao modeli inauhitaji baada ya kila tabaka. Hayo yote yanarudi kwa transista.

Aprili 2025 Lightmatter walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Nature. Ni kifurushi cha chipu sita, chenye transista kama bilioni 50 na vifaa vya mwanga kama milioni moja. Ona uwiano huo, mwanangu, halafu uniambie kama bado ni "badala ya umeme". Kinafanya hesabu trilioni 65.5 kwa sekunde, kwa wati 78 za umeme na wati 1.6 za mwanga. Kiliendesha modeli ya kutambua picha, modeli ya lugha iitwayo BERT, na kikacheza michezo ya Atari, na usahihi ukakaribia ule wa kompyuta za kawaida. Kutoka irabu za 2017 hadi hapo ni hatua kubwa kweli kweli, wala si porojo.

Lakini chukua kalamu. Trilioni 65.5 ugawe kwa wati 80 hivi: unapata kama trilioni 0.8 kwa kila wati. GPU ya Nvidia iitwayo H100, ya mwaka 2022, inatajwa kufanya karibu trilioni 990 za namba za biti 16 kwa wati 700, yaani kama trilioni 1.4 kwa wati. Aina za namba hazifanani kabisa, na kimoja ni kifaa cha utafiti wakati kingine ni bidhaa, kwa hiyo usiusome ulinganisho huu kama hukumu ya mahakama. Ila unatosha kukuonyesha kwa nini hujaona seva ya mwanga ikiuzwa kwa maelfu.

Na hiki ndicho ambacho mjadala wenu umekiruka. Kampuni yenyewe imeshasogea. Bidhaa inayoitangaza zaidi sasa haipigi hesabu hata moja. Inaitwa Passage: kipande cha silikoni chenye vijia vya mwanga kinachowekwa chini ya chipu za kawaida ili zizungumze kwa mwanga. Modeli kubwa za leo hazienei kwenye GPU moja, zinatandazwa kwenye maelfu, na zote zinasubiriana. Waya wa shaba, kwa kasi ya data inayotakiwa hapo, unafika mita moja au mbili tu kabla mawimbi hayajachakaa. Ndiyo maana Nvidia wakasongamanisha GPU 72 kwenye kabati moja na kuziunganisha kwa nyaya za shaba zaidi ya 5,000. Passage ya kwanza, M1000, ilitangazwa Machi 2025 ikiwa na uwezo wa terabiti 114 kwa sekunde. Mwezi ule ule Nvidia nao wakatangaza swichi zao, vifaa vya kuelekeza data kati ya kompyuta, zenye mwanga ndani. Kwangu mimi mtu wa mkongo hilo halishangazi hata kidogo: mwanga umerudi kwenye kazi yake ya siku zote, kubeba, isipokuwa safari imepungua kutoka bahari nzima hadi sentimita chache.

Mwambie mwenzenu ameshinda mjadala. Ila soda anunue yeye.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Dodoma. Nimesoma kwamba prosesa hizi zitakuwa na kasi kwa kuwa mwanga unakwenda kasi kuliko umeme. Wanafunzi wameniuliza ni mara ngapi, nikawaambia nitawaletea jibu.

Mwalimu, wapelekee swali jipya badala ya jibu. Mwanga kwenye ombwe ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwenye uzi wa kioo unashuka hadi kama 200,000. Kwenye kijia cha silikoni, kinachobana mwanga vikali, unaweza kushuka hadi kama robo ya kasi ile ya ombwe. Mawimbi ya umeme kwenye kebo nzuri ya shaba nayo yanakwenda kama 200,000. Kwa hiyo ukiwashindanisha kwenye mbio za urefu sawa, kebo ya shaba inampita mwanga wa kwenye silikoni! Ndani ya chipu kabisa hadithi inageuka, maana waya mwembamba kupita kiasi una upinzani mwingi na unachelewa kujaa chaji.

Faida ya mwanga iko kwingine. Kwanza, rangi nyingi za leza zinaweza kupita kwenye kijia kimoja kwa wakati mmoja bila kugongana, kila rangi na mzigo wake. Pili, mwanga haupashi njia yake joto kama umeme unavyoupasha waya. Kituo cha data kinabanwa na joto na bili ya umeme kabla hakijabanwa na kasi. Ukitaka zoezi la darasani, wape prizimu na tochi, kisha waulize rangi zile saba zilikuwa zinapigana wapi kabla hazijatenganishwa.

Fundi, salaam kutoka Mombasa. Niko na studio ndogo ya kuedit video na nimeweka pesa kando ya kununua GPU mpya. Ningoje hizi za mwanga?

Nunua. Hizi hazitengenezwi za kukaa kwenye kompyuta ya mezani, na hakuna inayokuja dukani kwenu mwaka huu wala mwakani.

Niko Muscat. Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anauza "hisa za awali" za kampuni ya chipu za mwanga, kuanzia riali 50. Anasema kampuni imeshafikia thamani ya mabilioni. Ni kweli?

Mabilioni ni kweli, ndugu yangu, na ndiyo chambo chenyewe. Oktoba 2024 Lightmatter walichangiwa dola milioni 400, na thamani yao ikahesabiwa kuwa dola bilioni 4.4. Fedha za namna hiyo zinatoka kwenye mifuko mikubwa ya uwekezaji, wanasheria wakiwa wamekaa pande zote mbili za meza. Hazikusanywi riali hamsini hamsini na mtu mwenye picha ya Ferrari. Muulize jina la dalali wake aliyesajiliwa na mamlaka ya huduma za fedha ya Oman, na namba ya usajili. Akikujibu kwa sauti iliyorekodiwa ya dakika saba badala ya namba, umeshajua. Na hata ungekuwa na njia halali, soma jibu la kijana wa Mbeya hapo juu kwanza: kampuni inaweza kuwa na watu makini na teknolojia ya kweli, na bado bidhaa iliyoipatia jina ikabadilika njiani.

Shikamoo. Naunga faiba Mwanza, vibarua vya hapa na pale. Hii kazi itatufaa kitu kwenye hayo mambo ya chipu za mwanga, au ndiyo mashine zimetuwahi?

Marahaba. Kuunganisha uzi na chipu kiwandani ni kazi ya mashine. Mkono wa mtu hauwezi kulenga sehemu ndogo ya maikromita. Usipoteze usingizi juu ya hilo. Kazi yako iko nje ya kile kifurushi. Leza haipendi joto, na silikoni yenyewe haitoi mwanga wa leza vizuri, kwa hiyo miundo mingi inaiweka leza pembeni, kwenye kifaa cha kuchomeka kinachoweza kubadilishwa ikifa, na mwanga wake unaletwa kwa faiba. Maana yake swichi moja inakuwa na nyuzi nyingi kuliko ulizozoea, na kila ncha ni mahali pa kuingia uchafu.

Anza kujizoesha na viungio vya MPO, vile vyenye nyuzi 12 au 16 kwenye kichwa kimoja. Ukimpata rafiki anayefanya kazi kwenye chumba cha seva, mwombe kipande kilichokufa ukifanyie mazoezi ya kusafisha na kukagua uzi mmoja baada ya mwingine. Na kalamu yako ya kusafishia LC, kiungio cha uzi mmoja, usiilazimishe kwenye MPO; MPO ina kalamu yake. Ukiisukuma tu, umehamisha uchafu wa uzi mmoja ukaugawia zote kumi na mbili.