Kabla hujapiga picha korosho, angalia laini ni ya nani

Kila minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, wadogo zangu huanza kunifuata: "Dada, na mimi nataka kuuza korosho mtandaoni, nianzie wapi?" Wanategemea niwatajie simu yenye kamera kali. Mimi nauliza kwanza: laini yako imesajiliwa kwa jina la nani?

Hapo wengi hunyamaza. Ya mume. Ya kaka. Ya mtoto wa mama mdogo. Usajili wa alama za vidole ulipofikia ukomo Januari 20, 2020, sikuwa na namba ya NIDA, kaka yangu akanisajilia laini kwa namba na kidole chake. Tulicheka, tukaenda zetu nyumbani.

Biashara niliianza na korosho za shamba la mama, Tandahimba. Nilibangua mwenyewe, mafuta ya maganda yakanibabua vidole, nikapiga picha, nikaweka WhatsApp. Wateja wa Dar wakaja mmoja mmoja, na baadaye nikawa na kina mama watatu wa kunisaidia kumenya. Halafu simu ikaibiwa stendi. Ndani kulikuwa na laki mbili na sabini za wateja, na nusu yake ilikuwa ujira wa wamenyaji. Nikakimbilia kurudisha laini. Nikaambiwa aje mwenye kidole. Mwenye kidole alikuwa shambani Nachingwea, hapatikani kwa siku nane. Nilikopa kikoba kuwalipa kina mama wale, nikakopa tena nauli ya kumleta kaka mjini aje aweke dole gumba kwa sekunde mbili.

Kaka hakunifanyia ubaya wowote. Ndiyo maana nalisimulia hili. Tumezoea kuonywa juu ya waume wanaonyang'anya hela, wakati mtu mwema naye anaweza kukusimamishia kazi kwa kuwa mbali tu.

Basi fuatilia NIDA. Ukishapata namba inatosha kusajili laini, usisubiri kadi. Piga *106# uone laini zipi ziko kwa jina lako; unaweza kukuta usiyoijua. Kama namba ya zamani imeshajulikana na wateja, nendeni wawili dukani muulizie kubadilisha umiliki.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Mkopo wa kupitia simu hupimwa kwa mzunguko wa hela kwenye laini. Ukipitisha mauzo ya miaka mitatu kwenye laini ya mume, mfanyabiashara anayeonekana ni yeye, wewe huna historia. (Sikushauri ukope huko kununulia malighafi. Deni linadai ndani ya mwezi, korosho haina haraka hiyo.)

Sasa hesabu. Korosho ghafi kilo 4 hadi 5 zinakupa kilo 1 ya nyeupe, yaani iliyobanguliwa na kumenywa, tena ukiwa fundi wa kutovunja. Mgeni huangalia bei kwenye ukurasa wa mwenzake, anapunguza elfu mbili ili avute wateja, na msimu ukiisha hana hata hela ya vifungashio. Weka ghafi, ujira, mifuko, nauli ya mzigo kwenye basi, na makato ya kutoa hela. Makato hayo mimi niliyapunguza kwa kutotoa kila hela inapoingia: wamenyaji na wenye mifuko nawalipa kwa simu hiyohiyo. Nzima na vipande usichanganye. Vipande vina wateja wake, wa keki na wa kupikia, ila mwambie mteja ukweli kabla hajalipa.

Utashawishiwa kununua ghafi kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya minada, kwa kuwa ni bei poa. Achana nayo, utakamatwa na mzigo. Bodi ya Korosho makao yake ni hapahapa Mtwara. Nenda kaulize utaratibu wa wabanguaji wadogo.

Mtu akikutumia picha ya muamala badala ya hela, usifungashe. Angalia salio kwanza. Zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040 uendelee kumenya.

Na nunua daftari. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ikakatika Somanga, mizigo ikalala. Siku chache baadaye nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Nilikuwa na majina, namba na oda zote kwenye daftari la mistari, nikawapigia wateja mmoja mmoja kwa vocha ya kawaida. Mmoja tu ndiye aliyedai hela yake. Nilimrudishia siku ileile, na mwezi uliofuata akaagiza kilo sita.

Kaka bado ni mteja wangu. Akitaka za kupeleka ukweni anapiga simu, anaomba punguzo la ndugu, simpi, analipa kwenye Lipa Namba yangu. Ujumbe unapoingia unasoma jina langu, majina yote matatu.