Programu ya R Inaponipa NA Badala ya Wastani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili na ninatumia R kuchambua majibu ya dodoso langu. Kila ninapotafuta wastani wa umri wa waliohojiwa, ninapata herufi mbili tu, NA. Nimewaeleza wajuzi kadhaa kwamba programu imekataa kufanya kazi, lakini hakuna aliyenisaidia. Je, programu ya bure haina msaada wa kutegemewa?

JIBU: Ndugu msomaji, msaada upo, tena mwingi. R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, haikukataa kufanya kazi. NA ni alama ya thamani inayokosekana, na akiwepo mhojiwa mmoja tu ambaye hakutaja umri wake, R haikisii wastani. Andika mean(dodoso$umri, na.rm = TRUE), ukiweka jina la jedwali lako la data mahali pa dodoso na la safu yake mahali pa umri, nayo itaziruka nafasi zilizo wazi.

Ikiwa NA itabaki, pamoja na onyo kwamba ulichokiingiza si namba, basi safu hiyo imesomwa kama maandishi, pengine kwa sababu mahali fulani paliandikwa "miaka 34" badala ya 34. Amri ya str(dodoso) itakuonyesha.

Nimelazimika kukupa majibu mawili kwa kuwa barua yako haikunionyesha data wala amri uliyoandika, na nadhani hilo ndilo lililowashinda wale uliowauliza. Hapa hakuna kampuni uliyoilipa ili ikuhudumie. Anayekujibu anakupa muda wake, na ni haki yake kuweza kuliona tatizo kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mpelekee mistari michache ya data yenye tatizo lilelile, ambayo amri ya dput huigeuza kuwa maandishi anayoweza kuyanakili, kisha amri yako neno kwa neno, ujumbe wote wa kosa, na matokeo ya sessionInfo(), yanayotaja toleo la R na vifurushi, yaani nyongeza za R, ulivyofungua. Picha ya skrini haimfai, maana hawezi kuiendesha. Kabla ya hayo yote andika ?mean, kwani ukurasa wa maelezo utafunguka hata bila intaneti, na mwishoni mwake kuna mifano.

Lipo pia swali ambalo si la programu. Hesabu wasiotaja umri kwa sum(is.na(dodoso$umri)). Wakiwa wengi, au wakiwa wa kundi moja, wazee kwa mfano, kuwaruka kutaupotosha wastani wako, na jambo hilo inafaa ujadiliane na msimamizi wako au mwanatakwimu.

Tafadhali ondoa majina na namba za simu za waliohojiwa kabla ya kumtumia mtu yeyote data hiyo, kwa sababu walikubali kukujibu wewe peke yako.