Maswali na majibu: Sponji iliyooza si mwisho wa spika

Barua za safari hii karibu zote zinahusu spika za miaka ya 1960 hadi 1980, zile za boksi la mbao na wufa (kipaza cha sauti nzito) ya inchi nane, kumi au kumi na mbili. Naanza na swali lililoulizwa na wengi.

Shikamoo. Nimepata jozi ya spika za AR-3a kwa muuzaji wa mitumba. Boksi ni safi, ila ukingo wa wufa zote mbili umekuwa unga. Nikiugusa unabaki kidoleni. Muuzaji anasema ni kitu kidogo. Ni kweli, au nauziwa mbuzi kwenye gunia?

Marahaba. Mara hii muuzaji kasema kweli, hata kama kaisema kwa faida yake. Sponji ya ukingo, ile pete inayoshikilia koni inayotetemeka kwenye fremu, ni poliyurethani, na adui zake ni unyevu na hewa. Huoza hata spika ikiwa stoo bila kupigwa, kwa hiyo maneno ya "hizi hazijatumika sana" hayana uzito hapa. Ukingo mpya unapatikana, na ukishabandikwa vizuri wufa inarudi kazini kama zamani. Dai tu bei ishuke kulingana na kazi hiyo.

Kinachopaswa kukunyima usingizi ni vile visivyopatikana tena. AR-3a ilitoka mwaka 1967 ikiwa na kuba mbili ndogo (vipaza vyenye umbo la kuba), moja ya sauti za kati na moja ya sauti za juu, yaani twita. Hizo zikifa, utahangaika kutafuta spika nyingine mbovu ili uichinje kwa ajili ya spea. Zisikilize hizo kwanza. Zikiwa kimya, usizizike mapema: nyuma ya boksi kuna vitufe viwili vya kuongeza na kupunguza sauti hizo, na vimejulikana miaka mingi kwa kushika kutu ndani. Zungusha kila kimoja huku na huku muziki ukipiga kwa sauti ndogo. Twita ikikwaruza kisha ikazinduka, ugonjwa ni wa kitufe.

Na mwambie muuzaji asizipige kwa sauti kubwa ili kukuonyesha nguvu yake. Wufa isiyo na ukingo haishikwi vizuri katikati. Koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inayumba na kusagika kwenye chuma cha sumaku. Koili ikichubuka, hapo si kitu kidogo tena.

Kesho naenda kuona spika nyumbani kwa mwenyewe. Nibebe nini?

Mita ya kupimia ukinzani wa umeme (multimita), betri moja ya volti 1.5 na waya wake, tochi, na nyimbo unazozijua nje ndani.

Mita kwanza. Spika iliyoandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) husoma kati ya 5.5 na 7 hivi. Ya omu 4 husoma 3 na kitu. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, uliza maswali. Lakini wengi husahau kwamba ukipima kwenye vituo vya nyuma ya boksi unapima wufa tu. Twita imekaa nyuma ya kapasita, na umeme wa mita haupiti kwenye kapasita. Kwa hiyo mita inaweza kukupongeza wakati twita zote mbili ni maiti.

Kwa twita tumia sikio. Viringisha karatasi iwe bomba, upande mmoja sikioni, mwingine mbele ya kila kipaza kwa zamu, sauti ikiwa chini. Utasikia kila kimoja peke yake, na ukilinganisha boksi la kushoto na la kulia utajua kama kimoja kimechoka.

Kisha tandaza vidole pande mbili za koni ya wufa, uisukume taratibu na kwa usawa. Iingie na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama wa msasa, koili inagusa. Mulika skrubu kwa tochi: zilizochubuka vichwa zinakwambia mtu alishafungua, na hapo omba kuona lebo za vipaza vya ndani. Boksi lenye twita ya kiwanda upande mmoja na ya kuokoteza upande wa pili halina tofauti na viatu vya miguu miwili ya kushoto. Mwisho inua boksi utazame chini. Chipbodi iliyowahi kunywa maji huvimba, na haiponi.

Fundi, nimenunua kingo za sponji. Naogopa kuanza. Ugumu uko wapi?

Ugumu uko kwenye kuweka koni katikati. Kwingine ni subira tu. Ila kabla ya gundi, hakikisha umenunua kingo za wufa yako hasa, si za "inchi kumi" yoyote. Mwaka 1954 Edgar Villchur alileta AR-1, spika iliyozibwa kabisa ambamo hewa ya ndani ya boksi ndiyo springi ya koni. Spika nyingi zilizofuata ziliiga wazo hilo. Wufa za namna hiyo zinataka ukingo laini sana. Ukiweka mgumu, besi inapungua na utailaumu amplifaya bure.

Piga picha ya nyaya kabla ya kuchomoa chochote. Toa wufa, ilaze kifudifudi juu ya taulo, ubandue mabaki. Sponji mbovu hutoka kwa kucha, lakini gundi ya zamani kwenye koni ya karatasi inataka uvumilivu: kitambaa chenye spiriti kidogo, subiri ilainike, kwangua kwa kijiti cha mbao. Usitumie kisu. Koni ikipasuka ndipo utajua ulikuwa na kazi rahisi.

Gundisha sponji kwenye koni kwanza, kwa gundi ya maji ile nyeupe ambayo ikikauka inabaki na unyumbufu. Acha ikauke. Sasa upande wa fremu, penye kazi yenyewe. Njia ya uhakika ni kukata kifuniko kidogo cha katikati ya koni na kuchomeka vipande vya plastiki nyembamba kati ya koili na nguzo ya sumaku, kuizunguka yote, ili koili isiweze kuhama. Gundisha, subiri hadi kesho yake, toa vipande, rudisha kifuniko. Njia ya pili haikati kitu: unapaka gundi kwenye fremu, unaunganisha wufa na amplifaya, na kupiga toni ya hezi 30 kwa sauti ndogo huku ukisogeza ukingo kwa vidole. Koni ikiwa katikati toni inasikika safi. Ikienda upande inakwaruza mara moja, na kidole chako kinasikia kabla ya sikio. Mimi napendelea hii ya pili pale kifuniko cha asili kinapokuwa kizuri, kwa sababu kifuniko kilichokatwa hakifichiki.

Ukirudisha wufa ndani, angalia utepe wa kuziba kati ya fremu na boksi. Boksi la kuzibwa likivuja hewa, kazi yote uliyofanya itasikika nusu. Jaribio ni rahisi: sukuma koni polepole kisha iachie. Kwenye boksi lililozibwa vizuri hairuki kurudi, inarudi kivivu.

Nibadilishe kapasita zote za krosova, ile saketi inayogawa sauti kati ya vipaza? Rafiki yangu anasema bila hivyo najidanganya.

Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Kapasita za elektroliti, zile zisizo na chanya na hasi ambazo viwanda vingi viliweka kwenye krosova, hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Thamani yake inahama, ukinzani wa ndani unapanda, na twita inasikika kama imefunikwa blanketi. Hizo badilisha, na badilisha kwenye maboksi yote mawili siku moja, la sivyo kushoto na kulia hazitafanana. Kapasita za filamu na koili za waya ziache zilipo.

Mikrofaradi, yaani kipimo cha kapasita, zibaki zilezile. Iliyoandikwa 10 iwe 10, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayoamua twita ianzie wapi kufanya kazi. Ukiweka kubwa zaidi unairuhusu ipokee sauti za chini isizoumbiwa, na siku moja itaungua. Volti zinaweza kuzidi za zamani, zisipungue.

Kuna jambo la sikio pia. Kapasita ya filamu ina ukinzani mdogo kuliko elektroliti iliyokuwepo, hata ilipokuwa mpya, kwa hiyo baadhi ya spika hutoka zikiwa kali kuliko alivyokusudia aliyeziunda. Tiba ni rezista ndogo ya nusu omu au omu moja mbele ya kapasita hiyo. Watu hutumia pesa nyingi kwa kapasita za kifahari kisha wanalalamika twita inawachoma masikio.

Ni kweli kwamba sumaku za alniko zina sauti nzuri kuliko za feraiti?

Alniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), na mapigano katika mkoa wa Shaba mwaka 1978 yaliirusha bei yake hadi watengenezaji wengi wa spika wakahamia feraiti, sumaku ya aina ya kauri. Sababu ilikuwa mfuko, wala si sikio. Wapo wanaosikia tofauti na sitabishana nao, lakini nimesikia alniko mbovu na feraiti tamu. Cha kujua ukiwa mnunuzi ni hiki: alniko inaweza kupoteza nguvu kwa mishtuko na kupigwa kupita kiasi, na huweza kutiwa usumaku upya, feraiti imebandikwa kwa gundi, na boksi likianguka sumaku inaweza kuhama na kuibana koili moja kwa moja. Spika iliyosafirishwa vibaya, ipige ile toni ya hezi 30 kabla ya kulipa.

Amplifaya yangu ni ya wati 30. Itaziweza spika zilizoandikwa wati 100?

Wati 100 zilizoandikwa nyuma ni kikomo cha spika, si njaa yake. Tazama wepesi wake wa kutoa sauti, kwa desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza nusu ya nguvu unayohitaji. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 10 inalia sawa na ya 86 iliyopewa 40. Ikiwa yako ni nyepesi, wati 30 zinajaza chumba.

Hatari iko kwa amplifaya ndogo inayolazimishwa. Ikifika mwisho wa nguvu zake hukata vilele vya mawimbi, na mawimbi hayo yaliyokatwa hupeleka nishati nyingi ya sauti za juu kwenye twita. Ndiyo maana twita nyingi huungua kwenye sherehe na amplifaya ndogo. Sauti ikianza kuwa chachu, shusha.

Kuba la Yamaha NS-1000M limebonyea. Nilivute kwa utepe wa gundi?

Hapana. Kuba za spika hiyo ya mwaka 1974 ni za berili, chuma kinachovunjika badala ya kukunjika, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Likibonyea bila ufa, liache lilivyo. Likivunjika, usiguse vipande kwa mikono mitupu wala usipulize. Utepe ni kwa kuba za kitambaa na plastiki.

Nimemaliza kukarabati, kila kipaza kinalia, lakini besi haipo. Nimekosea wapi?

Yaelekea waya za boksi moja zimegeuzwa: koni moja ikitoka nyingine inaingia, na besi zinauana hewani. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo vya kila boksi, chanya kwa chanya, sekunde moja tu, utazame koni. Zote ziende upande mmoja. Kama ni JBL za zamani usishtuke koni ikiingia ndani badala ya kutoka; kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Muhimu zifanane.

Jamaa ananipa bure Quad za karatasi, zile zinazochomekwa kwenye umeme. Nizifungue nizisafishe?

Zipokee kwa mikono miwili, usizifungue. Quad ESL ya 1957 haina koni. Ina utando mwembamba unaochajiwa kwa volti elfu kadhaa, na chaji hiyo hubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Tafuta fundi aliyewahi kuzifanya hizohizo. Fundi wa redio aliye hodari lakini hajawahi kuzishika, mshukuru umuage.

Boksi langu la vinia (ubao mwembamba uliobandikwa juu) limefifia, na paka amechana kitambaa cha mbele. Nianze na kipi?

Vinia: toa vipaza vyote kwanza, kisha msasa mwembamba kufuata nyuzi za mti, kwa mkono mwepesi kwa kuwa vinia ni nyembamba na ukiipenya hairudi, halafu mafuta ya kitani yaliyopakwa na kufutwa. Usitumie pamba ya chuma karibu na spika. Nywele zake hurukia sumaku na kujipenyeza palipo na koili, na kuzitoa humo ni adhabu. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke. Vikikunjwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe.

Kitambaa kipya kiwe chepesi. Kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita bila kuzuiwa, na sauti itapita. Paka ataendelea kukipenda, na hilo sina dawa yake, ila usikivue ukamwachia koni wazi.