Mchicha wa kando ya lami

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Mie niko Malindi, barabara ya kwenda Gongoni upande wa bara, nina mwembe na mchicha hatua kama sita tu toka lami. Malori ya chumvi yapita kutwa na tuktuk ndo usiseme, majani yamekua meusi, mwembe mwaka huu umezaa kidogo, sasa jirani ati mchicha wangu ni sumu na wateja wameanza kunikimbia. Ni kweli?
– Mama Mchicha

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Lowesha kitambaa cheupe upanguse jani la mwembe. Kikitoka vumbi na masizi makavu, hayo ni ya magari: yanaziba vitundu ambavyo jani lapumulia na kulizuilia jua, mti unapika chakula kidogo na uzazi waweza kupungua. Lakini weusi ukinata umegandana na jani hapo usiyasingizie malori, geuza jani utafute vidudu vyeupe, vinatoa majimaji matamu na kuvu jeusi laota juu yake (mie nililaumu tuktuk mwaka mzima kwa mndimu wangu, kumbe!).

Mchicha sasa. Hapo mie naogopa udongo kuliko jani. Petroli yenye risasi (ile metali yenye sumu) tuliiacha kufikia 2006 lakini risasi haiozi, iliyotua zamani bado iko pale pale, na hata leo tairi zikilika zaacha zinki na breki zaacha shaba, nyingi inabaki karibu na lami na ukirudi nyuma inapungua. Mboga za majani kwa kawaida hubeba madini hayo kuliko matunda, na ukiosha watoa vumbi tu, kilichoingia ndani hakitoki hata uchemshe. Siwezi kusema ni sumu bila udongo kupimwa maabara, ila hatua sita ni karibu mno. Tena kusi na kaskazi zote kwetu zavuma toka baharini, kwa hivo wewe wa upande wa bara moshi wote ni wako.

Embe kula, osha tu. Mchicha uhamishie nyuma ya nyumba mbali uwezavyo, kiwanja kikiwa kidogo panda kwenye magunia kwa udongo wa mbali na samadi. Pale mbele weka ua wa mkilifi (mwarobaini), ule wavumilia vumbi na wazuia kiasi. Na yale maji ya mtaro wa barabara usimwagilie kabisa mama, oili yote inaishia humo.