Samatta na Taifa Stars: nani alimtumikia nani?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mshambuliaji Mbwana Samatta aliwahi kuitumikia Taifa Stars, timu yetu ya taifa, kwa kiwango kile alichokionyesha akiwa na Genk ya Ubelgiji. Limenigusa, kwa sababu ndilo swali ninalolisikia kila Stars inapofungwa, vijiweni Kaloleni, ndani ya daladala, hata kwa vijana ninaowafundisha mpira jioni, na mara nyingi anayeuliza huwa amekwisha kuwa na jibu lake. Naomba niligeuze kwanza: je, Taifa Stars iliwahi kumtumikia Samatta? Mshambuliaji wa kati, yaani namba tisa, anaishi kwa mipira anayoletewa. Asipoletewa, awe hodari kiasi gani, atamaliza dakika 90 akiwa amekimbia tu, na kesho yake gazeti litaandika kwamba hakuonekana uwanjani.

Alikopita wengi tunakujua. Alitoka African Lyon akaenda Simba, na mwaka 2011 TP Mazembe ya Kongo ilipokutana na Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika ilimwona na haikumwacha. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuifunga USM Alger kwao Algiers na kisha Lubumbashi, naye akawa miongoni mwa vinara wa mabao wa mashindano yale kwa mabao 7. Januari 2016, pale Abuja, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akahamia Genk. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Septemba 2019 akaifunga Salzburg, likawa bao la kwanza la Mtanzania katika Ligi ya Mabingwa Ulaya, na Novemba akafunga pale Anfield, uwanja wa Liverpool. Aston Villa alikaa miezi michache tu, lakini alifunga katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza dhidi ya Bournemouth, na akafunga tena kwa kichwa Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Baada ya hapo zikaja klabu za Fenerbahçe, Antwerp, Genk tena kwa mkopo, PAOK na Le Havre.

Sasa tazameni waliomzunguka pale Genk mwaka ule wa ubingwa. Pembeni yake alikuwepo Leandro Trossard, nyuma yake Ruslan Malinovskyi na Sander Berge. Hao ni watu wanaoinua kichwa kabla hawajapokea mpira, na Samatta alipoanza kukimbia alijua kwamba mpira utamkuta huko aendako. Mabao 23 hayakutoka miguuni mwake peke yake, na sijapata kumsikia Mbelgiji akidai hivyo.

Kisha tazameni Novemba 2015. Tarehe 8 Samatta alikuwa Lubumbashi akitawazwa bingwa wa Afrika. Tarehe 14 alikuwa Dar es Salaam na jezi ya Stars dhidi ya Algeria, katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2018. Elius Maguli akafunga, Samatta akafunga la pili, na kwa muda tukaamini. Islam Slimani akayarudisha yote mawili. Siku tatu baadaye, Blida, kwao Algeria, tukafungwa 7-0. Mshambuliaji yuleyule aliyekuwa amembeba bingwa wa bara alisimama katikati ya uwanja akianzisha mpira upya baada ya kila bao. Mtu anayeuliza kuhusu kiwango chake na Stars aanzie pale, kwa sababu ndani ya siku kumi mchezaji ni yuleyule na miguu ni ileile.

Lakini mechi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya Kenya, katika fainali za Mataifa ya Afrika kule Misri, Alhamisi ya tarehe 27 Juni 2019. Kwa saa zetu ilianza saa tano usiku. Tulitazamia katika banda moja la Sakina, kando ya barabara iendayo Namanga, na wasomaji wa Arusha wanaijua baridi ya Juni katika saa hizo: watu walikuja na makoti mazito, wengine wamejifunika mashuka ya Kimasai, na mama wa chai ya tangawizi hakupata nafasi ya kukaa. Jiko la mishkaki lilikuwa mlangoni, moshi wote unaingia ndani, na hakuna aliyelalamika kwa sababu joto nalo liliingia pamoja nao. Mabenchi ya kushoto walikaa madereva wa malori wa Kenya waliokuwa wavuke mpaka asubuhi. Sisi tulikaa kulia. Kwa kuwa lile banda lilijaa, dereva mmoja wa makamo, mwenye kofia ya sufu, alikosa nafasi kwa wenzake akaja kukaa karibu nami, akanisalimia kwa heshima na kuniita mzee.

Dakika ya 6 Samatta alipiga shuti, kipa Patrick Matasi akalitema, Simon Msuva akamalizia. Benchi letu lilianguka kwa nyuma, na chai ya watu ikamwagika. Tulikuwa tumesubiri tangu 1980 kuiona Stars katika fainali hizo, tukafungwa na Senegal mechi ya kwanza, na sasa tunaongoza. Yule dereva hakusema neno. Dakika ya 39 Michael Olunga akafunga kwa tikitaka, bao ambalo hata upande wetu wapo waliopiga makofi kabla hawajajizuia, na upande wa kushoto ukasimama wote. Walikuwa bado wamesimama Samatta alipofunga la pili. Dakika ya 40! Wakenya walikuwa wamekumbatiana, migongo wameipa runinga, wakashtuliwa na kelele zetu wakidhani tunapinga bao lao. Dereva aligeuka akaniambia, “Mzee, huyu wenu ni mtu hatari,” nami nikamjibu kwamba ndiyo kwanza amemwona, ngoja kipindi cha pili.

Kipindi cha pili ndicho ninachokibeba hadi leo. Tulikuwa mbele 2-1 na tukaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kama timu inayoogopa kile ilichokipata. Viungo wetu walicheza karibu na mabeki, mawinga wakawa mabeki wa pembeni, na kila tulipookoa mpira ulipigwa mbele bila kutazamwa na kurudi palepale. Samatta akawa mtu wa peke yake. Kwanza aliinua mikono kuuomba. Baadaye akaacha kuomba, akaanza kushuka: kwanza hadi katikati, kisha hadi mbele ya mabeki wake mwenyewe, akauchukua mpira mguuni, akageuka, akatazama mbele na kukuta hakuna mtu, maana mtu wa kuwa mbele alikuwa ni yeye. Hapo yule dereva akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa na bila kejeli, “Mzee, mbona namba tisa wenu anakuja kuchukua mpira huku? Akija huku, kule nani atafunga?”

Nikamwambia, “Afanyeje sasa, na hakuna anayempelekea?”

Akasema, “Wetu hatoki kule. Akikosa, anangoja.”

Dakika ya 62 wakasawazisha kwa kona, kichwa cha Johanna Omolo. Dakika ya 80 Olunga akafunga la tatu. Benchi letu hakuna aliyepiga kelele tena. Mechi ilipokwisha dereva aliagiza chai kwa benchi letu lote, akasema majirani hawalali na njaa, nasi tukainywa. Tulitembea kurudi nyumbani tukibishana kuhusu kocha Emmanuel Amunike, tukimtaja kila mchezaji kwa makosa yake isipokuwa Samatta, na mimi ndiye niliyekuwa nikiongea kuliko wote.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuishia hapo, kwa sababu hesabu ya fainali inamtetea vizuri. Misri 2019 Stars ilifunga mabao mawili tu, moja lake na jingine lililotokana na shuti lake. Ivory Coast, Januari 2024, tulifunga bao moja tu, Msuva dhidi ya Zambia, na pasi ilikuwa ya Samatta. Katika fainali hizo mbili, mechi sita, hakuna bao la Tanzania ambalo halikupita mguuni mwake. Nani mwingine anaweza kusemewa hivyo?

Hata hivyo maneno ya yule dereva yamenirudia kila nilipoandika aya mpya, na siwezi kuyaruka. Jioni ninapofundisha, namba tisa wangu akikaa muda bila kugusa mpira huanza kushuka, nami humpigia kelele arudi juu, kwa sababu akishuka mabeki wa wapinzani wanapumzika, na wakipumzika wanapanda. Ninachomkataza kijana wa miaka kumi na sita nimekuwa nikimsamehe nahodha wa taifa. Olunga naye usiku ule hakuwa na Trossard wala Malinovskyi. Wakati ule alikuwa akicheza Japani, na Kenya ile haikuwa timu ya kutisha. Nayo ilikuwa imefungwa na Algeria mechi yake ya kwanza. Alikaa katika eneo lake dakika zote, na mipira michache iliyofika ilimkuta akiwa mahali pake.

Liko na jambo jingine zito zaidi, ambalo wanaomtetea Samatta, nami nikiwamo, huwa hatulisemi. Wazee wetu wanamkumbuka Peter Tino kwa bao lake la Ndola dhidi ya Zambia, lililotupeleka kwenye fainali za Lagos mwaka 1980. Tangu hapo tumefuzu mara tatu kwa jasho la uwanjani. Machi 2019 tuliifunga Uganda 3-0 na wafungaji wakawa Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Septemba 2023 tulifuzu kwa sare ya 0-0 dhidi ya Algeria, kwao. Novemba 2024 tuliifunga Guinea 1-0 Dar es Salaam, na mfungaji alikuwa Msuva. Katika mechi zote tatu za kuamua, bao la Samatta halimo. Hata katika fainali za huko Morocco, Stars ilipovuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, mabao yalifungwa na wengine. Pale Genk, kufunga ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Kwa hiyo, Mhariri, jibu langu kwa swali lenu kama mlivyoliuliza ni hapana: hakuitumikia Stars kwa kiwango kile. Sikudhani nitaliandika neno hilo, na naliandika kwa masharti. La kwanza ni kwamba Genk humpata mchezaji kila siku mazoezini, ilhali Stars humpata siku chache kabla ya mechi, amechoka na safari, na pembeni yake yuko winga aliyekutana naye juzi hotelini. Kulinganisha vitu hivyo viwili kwa mizani moja ni kumwonea. La pili ni unahodha. Genk mwaka ule Trossard ndiye aliyevaa kitambaa, Samatta akaachiwa kazi ya kufunga tu. Kwetu alikuwa nahodha, mchezaji maarufu kuliko wote na tegemeo la bao kwa wakati mmoja, na mtu wa namna hiyo akiona timu inazama ni vigumu kumwambia akae mbele angoje. Pengine kocha shupavu angemwambia. Sikumwona aliyemwambia, au kama alimwambia, hakusikilizwa.

La tatu ni kwamba hapana yangu isitumiwe na wale wanaosema alikwenda Ulaya akasahau kwao. Aliitwa akaja, mwaka baada ya mwaka, kutoka Lubumbashi, Genk, Istanbul na Thessaloniki, akaja hata pale ilipojulikana kwamba tutafungwa. Blida alikuwepo.

Wekeni basi kura yangu upande wa hapana, na kando yake muandike kwamba asilimia kubwa ya hapana hiyo ni ya timu. Fainali za 2027 zinakuja nyumbani, na hapa Arusha tunajengewa uwanja kwa ajili yake. Vijana wetu wa namba tisa ninawaona, wapo. Ningefurahi kama swali lenu la wiki moja kati ya sasa na wakati ule lingekuwa juu ya viungo na mawinga, na ni nani hapa mkoani anayewafundisha kuinua kichwa kabla ya kupokea mpira.

Msomaji wenu,
Sakina, Arusha