Umestaafu jeshi, sasa unataka kuandika riwaya

Wastaafu wanaoniletea miswada yao wana imani moja: kwa kuwa walikuwepo, basi wanaijua vita. Nami nilikuwepo kwenye vita ya Kagera, tulipopigana na majeshi ya Idi Amin wa Uganda, nikiwa kijana, na ninachoweza kukuapia ni kwamba askari huijua platuni yake, njaa yake na miguu yake. Vita yenyewe huja kuijua baadaye, akisoma.

Chukua Lukaya, mji mdogo wa Uganda kwenye njia ya Kampala. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, ilipigwa maroketi na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya, ikatawanyika vinamasini. Aliyejificha kwenye mafunjo usiku ule alijua giza, maji, na sauti za wenzake wakiitana. Hakujua kwamba brigedi ya 208 ingezunguka na kutokea kwenye barabara ya Kampala, nyuma ya adui, na kwamba kesho yake mambo yangegeuka. Ukiiandika sura ya Lukaya kwa kumbukumbu peke yake utapata hofu isiyo na kichwa wala miguu. Ukiiandika kwa vitabu vya historia peke yake utapata mishale kwenye ramani. Riwaya iko katikati: msomaji ahisi kinachokuja, askari kwenye mafunjo asijue.

Kwa hiyo soma kana kwamba hukuwepo. Pekua magazeti ya wakati ule, Uhuru na Daily News. Nenda Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, utembee taratibu. Kisha kaa na akina mama wa kaskazini ya mto Kagera, waliokimbia majeshi ya Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978. Sisi tulifika baadaye, tukakuta nyumba tupu. Wao ndio wanaojua nani alizikwa wapi, ng'ombe waliswagwa kuelekea wapi, na nani alibaki kwa sababu baba yake hakuweza kutembea. Huyo wa mwisho ni mhusika mzima, na kambini humpati. Usianze kwa kutoa daftari. Kunywa chai kwanza, waulize habari za wajukuu. Lakini usikawie, maana wenye kumbukumbu hizo wanazidi kupungua.

Na wewe uliyehudumu Darfur au Kongo, usidhani huna vita ya kuandika kwa kuwa yako haina mnara. Tena si lazima uandike vita uliyopigana. Tolstoy, mwandishi wa Urusi, alikuwa ofisa wa mizinga katika vita ya Sevastopol, lakini riwaya yake kubwa, Vita na Amani, inahusu vita ya 1812, Napoleon alipoivamia Urusi, iliyopiganwa kabla hajazaliwa. Baruti alikuwa anaijua. Historia aliitafuta, hata akaenda mwenyewe kuukagua uwanja wa mapigano ya Borodino mwaka 1867. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili, watu ambao riwaya zetu zimewapita mbali mno.

Kuhusu lugha: jeshi limetufundisha kuandika taarifa. Saa, mahali, idadi, silaha. Macho hayo yatunze, kwa sababu mwandishi wa uraiani hana. Kinachoua riwaya ni ule ubaridi wa taarifa, "saa 11 alfajiri kikosi kilisonga mbele," ukurasa baada ya ukurasa, hakuna aliyekohoa, hakuna anayemdai mwenzake sigara. Na ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, naomba usiiweke sura ya kwanza. Kila muswada wa Kagera ninaoushika unaanza nayo.

Wengi pia hufunga kitabu Kampala inapoanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Mimi ningeanzia hapo. Askari anarudi kwenye nchi iliyoambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda haukulegea, maduka yakawa matupu, foleni ya sabuni ikawa ndefu kuliko gwaride. Mgambo anarudishwa shambani kwake na usiku mke anamsikia akitoa amri usingizini. Hapo ndipo penye riwaya, nasi tunapakimbia kwa sababu hapana ushindi.

Majina ya kweli ya wenzako yaache, hata ya waliokufa. Wana wajane na watoto wanaosoma. Mambo ya kiapo cha kutunza siri za jeshi unayajua, sina haja ya kukukumbusha.

Ukimaliza, msomaji wako wa kwanza awe mtu ambaye hajawahi kushika bunduki. Akikuuliza lindo ni nini, au kwa nini koplo hakumjibu meja, hapo umemficha kitu bila kukusudia. Askari mwenzako mpe mwishoni kabisa. Atabisha kuhusu kilima, aina ya mzinga, na nani alifika wa kwanza mji wa Masaka, Uganda. Kilima na mzinga rekebisha. La Masaka wakusanye watatu, uandike ubishi wao kama ulivyo.