Kupiga picha sarafu za zamani nyumbani: achana na boksi jeupe, tafuta taa moja na kioo cha fremu

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini sarafu ulizoachiwa na babu zinatoka ama nyeusi tii ama na doa jeupe katikati, na kama ununue lile boksi jeupe la kupigia picha lenye taa za kuchomeka kwenye USB. Naanza na la pili kwa sababu jibu lake ni fupi. Usinunue.

Boksi lile si baya. Kwa vikombe vya kaure, magari madogo ya kuchezea au vinyago vya mpingo linafanya kazi nzuri, na hata la kujitengenezea kwa boksi la viatu na karatasi za A4 linatosha kabisa. Ila sarafu ni metali, na metali huonyesha kile kinachoizunguka. Ukiizungushia weupe pande zote, nayo inakuwa nyeupe pande zote: mchongo unalala, kivuli kinapotea, na uso wa Nyerere kwenye shilingi ya 1966 unatoka kama umepakwa poda. Sarafu haihitaji mwanga mwingi. Inahitaji mwanga unaotoka upande mmoja unaoujua, na giza upande mwingine.

Mimi natumia taa ya mezani ya kusomea, ile yenye shingo ya kukunja, na balbu ya LED ya wati 9. Ndiyo studio nzima hiyo. Vingine vyote ni vitu vya nyumbani.

Kwanza simu itulie. Panga vitabu mafungu mawili yanayolingana urefu, weka ubao mwembamba au rula pana ya mbao juu yake, kisha laza simu ikichungulia chini kwa kamera tu. Iwe juu ya sarafu sentimita 15 hadi 20, halafu vuta kwa zumu ya 2x. Najua kishawishi ni kuisogeza hadi iguse, na simu nyingi za bei nafuu zina kamera ya "macro", yaani ya kupigia vitu vya karibu sana, lakini mara nyingi hiyo ni ya megapikseli 2 tu na picha yake haina kitu. Kamera kuu ikiwa mbali kidogo inakupa picha kali zaidi, haipindishi duara, na la muhimu kuliko yote, inaacha nafasi ya mwanga kupita. Simu ikiwa karibu mno kivuli chake chenyewe ndicho kinachokupa ule weusi unaolalamikia.

Kuhakikisha simu haijainama, weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali sarafu itakapokaa. Tazama kwenye skrini: ukiona kamera ya simu yako katikati kabisa ya picha, simu na meza viko sambamba. Ikionekana pembeni, chomeka karatasi iliyokunjwa chini ya ubao mpaka ikae sawa. Ukiruka hatua hii, nusu ya sarafu itakuwa kali na nusu itakuwa na ukungu, na utalaumu simu bure.

Zima taa ya darini, funga pazia, zima na pangaboi. Pangaboi linatikisa meza kidogo usione kwa macho, ila kamera inaona. Taa ya darini inaleta rangi yake ikachanganyika na ya taa yako, kisha unapata sarafu yenye shavu la njano na shavu la bluu. Na vaa nguo nyeusi au ya kijivu. Sitanii: fulana nyekundu inaonekana kwenye shilingi inayong'aa. Ukuta wa rangi ya kijani ukiwa karibu nao unaonekana.

Sasa mwanga wenyewe, ambapo ningependa utumie muda wako mwingi. Chukulia sarafu ni saa ya ukutani, kichwa cha kwenye sarafu kikielekea kwenye namba 12. Taa ikae upande wa namba 10 au 11. Isiwe chini, upande wa namba 6, kwa sababu macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu. Ukiupeleka chini, uso uliochomoza unaonekana kama umezama ndani, na mtu anayetazama picha atadhani ni muhuri.

Urefu wa taa unategemea hali ya sarafu. Kwa iliyochakaa, shusha taa mpaka mwanga upite ukiparaza juu ya uso wake. Chukua mfano wa ile paisa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar uliyoitaja, yenye mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Nyingi zimepita kwenye mikono mingi mpaka mizani imebaki kama alama ya kucha. Chini ya taa ya juu huoni kitu, ni kidonge cha kahawia. Shusha taa iwe karibu usawa wa meza na kamba za mizani zinaanza kujitokeza moja moja, kila moja na uzi wake mwembamba wa kivuli, kisha sahani zake, kisha tarakimu. Hapo usiisogeze taa tena. Zungusha sarafu polepole kwa kijiti cha meno, ukitazama skrini, mpaka upate pembe ambayo maandishi yanasomeka. Halafu hiyo picha utaizungusha baadaye kwenye simu ikae wima, mradi tu mwanga usije ukaishia chini.

Kwa sarafu isiyochakaa, inayong'aa bado, taa ya chini inachosha macho: kila mkwaruzo unawaka. Hapo pandisha taa, na upande wa pili simamisha kipande cha karatasi nyeupe kirudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Ukitaka mwanga laini zaidi, tafuta dumu la plastiki la lita 5, lile la rangi ya maziwa lisilopitisha picha ila linapitisha mwanga. Lioshe, kata kitako, kata na sehemu ya juu pamoja na mdomo, likae kama mnara unaoizunguka sarafu huku simu ikitazama kwa juu. Taa moja nje ya dumu, si mbili. Upande ulio karibu na taa unabaki na mwanga mkali na ule wa mbali unafifia, kwa hiyo mchongo haufi. Karatasi ya kuokea mikate nayo inafaa mbele ya taa, lakini kwa LED tu. Zile balbu za zamani za nyuzi zinachoma karatasi.

Kioo cha fremu ya picha ni kwa sarafu chache, ila zikikubali utafurahi. Kisafishe vizuri, kiinamishe nyuzi 45 juu ya sarafu, ukingo ulio upande wa taa ukiwa juu na ule wa mbali ukiwa chini. Taa iwe pembeni, usawa wa kioo. Mwanga unagonga kioo, sehemu yake inashuka wima kwenye sarafu, inarudi juu kupitia kioo hichohicho hadi kwenye kamera. Weka kadibodi ndogo kati ya taa na sarafu ili mwanga usiifikie moja kwa moja. Utaona sehemu tambarare zinang'aa na miteremko ya herufi inakuwa myeusi, kila herufi imechorwa. Mwanga mwingi unapotea kwenye kioo, hivyo kamera itahitaji muda mrefu zaidi. Ndiyo maana nimekazania simu itulie. Kwa paisa iliyochakaa usihangaike, hakuna sehemu tambarare iliyobaki ya kurudisha mwanga.

Kuhusu lile doa jeupe: kamera yako inadanganywa na kitambaa cheusi ulichotandika chini ya sarafu. Inaona giza limejaa, inaongeza mwanga, sarafu inaungua. Gusa sarafu kwenye skrini, shikilia kidole mpaka kamera ijifunge hapo, kisha buruta alama ya jua kushuka chini mpaka uone sehemu zinazong'aa zina rangi yake. Au badilisha kitambaa, tumia karatasi ya kijivu. Mimi napenda kijivu kuliko cheusi, hasa kwa sarafu za tundu. Senti 10 za Afrika Mashariki, zile zenye pembe za ndovu kuzunguka tundu, ukiziweka juu ya kitambaa cheusi tundu linaonekana kama shimo la risasi.

Tumia kihesabu muda cha sekunde 2 au 3 ili kidole chako kisitikise. Kama simu ina "Pro", weka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga) 50 au 100, na uache muda wa kupiga ujipange wenyewe. Ukiona michirizi ya giza ikipita kwenye picha, ni balbu inapepesa: umeme wetu ni wa 50 Hz, balbu nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka muda wa kupiga uwe 1/50 ya sekunde au mrefu zaidi, michirizi inaondoka. Rangi nayo: piga kwanza karatasi nyeupe chini ya taa hiyohiyo, rekebisha mpaka ionekane nyeupe, ndipo uweke sarafu. Shaba ikitoka ya waridi hakuna atakayeamini chochote unachosema juu yake.

Umeme ukikatika, nenda dirishani, upande usiopigwa na jua moja kwa moja. Dirisha moja ni taa moja kubwa. Funika mengine.

Na tafadhali sana, usizisafishe. Najua mikono inawasha. Nimeona watu wakisugua rupia kwa majivu na ndimu, shaba kwa ukwaju, wengine dawa ya meno, ili "zitokee vizuri kwenye picha". Zinatokea vizuri kweli, kwa mikwaruzo elfu, na mkusanyaji yeyote anaijua sarafu iliyosuguliwa kabla hajauliza bei. Puliza vumbi, basi. Ishike kwa ukingo.

Kwa nini nasumbuka hivi na herufi na vivuli? Kwa sababu kwenye sarafu za huku kwetu thamani inakaa kwenye vitu vidogo. Senti 5 na 10 za tundu za mwaka 1936 ziko zenye jina EDWARDVS VIII, mfalme aliyetawala Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huohuo, akajiuzulu. Sarafu hizo hazina sura ya mfalme, ni jina tu, kwa hiyo kama maandishi hayasomeki, umepiga picha ya senti 10 yoyote. Kuna na alama ndogo za kiwanda, H au KN, ambazo mwanga mbaya unazimeza.

Kubwa zaidi ni zile heller 20 za Tabora za 1916, sarafu ndogo za utawala wa Mjerumani. Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini, sarafu haziji tena kutoka kwao, wakaanza kuzigonga wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora, za shaba nyekundu na za brasi. Kazi ya haraka, mihuri ya kugongea tofautitofauti. Wakusanyaji wanazitenga kwa ukubwa wa taji upande mmoja, na upande wa pili kwa ncha za herufi L kwenye neno HELLER, kama zimechongoka au zimejikunja. Ncha ya herufi! Halafu mtu anakuletea picha aliyopiga kiganjani, chini ya taa ya sebuleni, anauliza ina milioni ngapi. Matapeli wa "rupia za Mjerumani" wanaishi kwenye picha za namna hiyo. Picha isiyosomeka inaweza kuwa ya kitu chochote.

Noti na stempu ni habari nyingine, hazina mchongo wa kutisha; mashine ya skana ya stesheneri inatosha.

Baada ya kupiga, kata picha, izungushe, acha hapo. Usiguse vichujio vya urembo wala ile kazi ya kuongeza ukali inayojiita ya akili bandia, inabuni herufi ambazo hazipo. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha inabanwa na zile ncha za L unazozitafuta zinageuka uji.

Una ile ya Tabora na ile ya Barghash, umesema. Anza na hizo mbili. Piga pande zote mbili na ukingo, rula ya shule pembeni ionyeshe milimita, taa upande wa namba 10. Ya Tabora ongeza picha moja ya neno HELLER peke yake, taa ikiwa chini kabisa. Ziweke hapa tuzione.